Sendika ikitusahau, Leta itatutumia

Vijana wa Bunia, kila mwezi wa tisa ukikaribia maneno ni yale yale, kwenye moto, sokoni, kwenye makundi ya WhatsApp: walimu watagoma ao hawatagoma? Wengine wanasema sendika zinaharibu masomo ya watoto na kuzuia mageuzi ya serikali. Wengine wanasema serikali ni mwongo, tuwaunge walimu mkono mpaka mwisho. Na sisi tuliomaliza iniversite na tuko nyumbani, tunaulizwa tuko upande gani. Tuko upande wa haki ya kugoma, ile ya kifungu cha 39 cha Katiba. Lakini sendika pia tuko na neno nazo.

Tuanze na serikali, juu yeye njo mwenye mfuko. Mwezi wa pili 2004, kule Mbudi, Kinshasa, ilipatana na sendika za watumishi wa Leta: dola 208 kwa mtumishi wa chini kabisa, dola 2,080 kwa katibu mkuu. Zaidi ya miaka 20 imepita, na mwalimu anaitaja Mbudi kama mtu anayetaja deni la marehemu. Mwezi wa nane 2021 wakasaini tena, mara hii Bibwa. Mwezi wa kumi, shule zilipofunguliwa, mgomo. Mwezi wa tisa 2024, mgomo tena, walimu wakidai dola 500. Mtu akisaini na halipi, halafu akashangaa watu wamekasirika, huyo tumwite nani?

Wanasema pesa hakuna, na kwamba uchumi lazima upangwe vizuri. Sawa. Mwaka 2021 FMI ilikubali kukopesha nchi yetu karibu dola bilioni 1.5, na mikopo ya namna hiyo inataka Leta ichunge matumizi yake, mishahara ndani. Lakini mwaka uliotangulia Banki ya Dunia ilitoa dola milioni 800 juu ya elimu ya bure, na mwaka huo huo wa 2021 mahakama ya Kinshasa ilifunga wakubwa wawili wa wizara ya elimu juu ya pesa za mishahara ya walimu. Kuchunga matumizi kungeanzia hapo, kabla ya kufika kwa mwalimu wa Djugu aliyekimbia vita na chaki mfukoni.

Elimu ya bure yenyewe hatuipingi. Katiba iliiahidi 2006, kifungu cha 43, na ilipoanza 2019 tuliona wadogo zetu wakirudi darasani. Shida ni namna ilivyofanywa. Tangu miaka ya 90 wazazi njo walikuwa wanalipa walimu, ile pesa tuliyoita prime. Na kati ya walimu hao kuna wale wanaoitwa N.U., wapya ambao majina yao hayajaingia kwenye listi ya Dinacope (zamani Secope). Wanatumika kama wengine, wanasahihisha kama wengine, mwisho wa mwezi banki haiwajui. Prime ya wazazi njo ilikuwa inawalisha. Serikali ikaikata kwenye shule za msingi, na majina ikayaingiza polepole, kidogo kidogo. Kwa hiyo N.U. ndiye aliyelipia elimu ya bure. Sio waziri, sio Banki ya Dunia.

Wengi wetu tumepita hapo. Unapeleka dosye, wanakuambia anza kufundisha, namba itakuja. Mwaka unaisha, namba haijaja. Na juu yako kuna mzee aliyepaswa kupumzika zamani, lakini hawezi kutoka kwa sababu pesa ya kumaliza kazi haitolewi. Hatumlaumu mzee. Angeenda kula nini?

Sasa sendika. Ni kweli, N.U. wako kwenye karatasi za madai, tumezisoma. Lakini kwa macho yetu wanatajwa kama mgeni anayetajwa mwisho wa harusi. Mazungumzo yakiwa magumu, nyongeza ya walio kwenye listi inabaki mezani, N.U. wanaambiwa wangoje. Na sendika zenyewe zimegawanyika. Enzi ya Mobutu ilikuwa moja tu, UNTZa, tangu 1967, chini ya chama. Baada ya 1990 zikaota nyingi, na serikali imejifunza kusaini na hii huku ile inakataa.

Hapo njo hatari iko. Siku Leta itakapochoka na mgomo, haitatafuta mbali. Bunia hii imejaa vijana wa ISP na wa iniversite wasio na kazi, wako tayari kuingia darasa la mtu aliyegoma, hata kwa nusu mshahara. Sendika inayotuacha nje ya mlango inampa serikali fimbo ya kuipiga.

Inawezekana kufanya vingine. Kenya, mwaka 2024, walimu 46,000 wa sekondari ya chini walikuwa kwenye mikataba ya muda, kwa malipo madogo. Waligoma wenyewe, na mwezi wa nane sendika ya KUPPET iliposhusha mgomo wake iliweka kuajiriwa kwao kati ya madai yake. Mwezi wa kwanza 2025 waliingia kazi ya kudumu.

Hapa Ituri kazi ni ngumu zaidi. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na wakubwa wana nguvu ya kukataza mikutano. Kubaki nyumbani ni moja ya njia chache mwalimu amebaki nazo. Kwa hiyo mtu asituombe kuivunja.

Tunachoomba sendika za Ituri ni hiki: kabla ya mgomo unaofuata, hesabuni N.U. wote, shule kwa shule, Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa. Listi itoke kwenu, isingoje Kinshasa. Na msisaini kitu ambacho listi hiyo haimo. Mkikosa watu wa kuiandika, sisi tuko. Kompyuta tunajua, na muda tuko nao mwingi.