SENETI IBISHANE, LAKINI MSHAHARA USINGOJE

Ndugu Wanachama,

Kila mara fedha za kaunti zinapochelewa, maneno ni yale yale, kwenye kituo cha matatu na kwenye foleni ya benki: "Ile Seneti ivunjwe. Inakula pesa bure." Hata katika mkutano wa tawi letu maneno hayo yamesemwa, tena na watu ninaowaheshimu. Leo nataka kuyajibu. Siyajibu kwa kuwa nawapenda sana maseneta. Nayajibu kwa kuwa mtu anayesema hivyo ana hasira ya haki, lakini anaipeleka mahali pasipo pake.

Kwanza tujue kazi inayofanywa mle ndani. Seneti kwa kawaida hukutana Jumanne mchana, Jumatano asubuhi na mchana, na Alhamisi mchana. Rungu hutangulia, Spika huingia, sala husomwa. Wakiwa hawajafika 15, kengele hupigwa ili walio nje waitwe. Kisha husomwa maombi ya wananchi, karatasi huwekwa mezani, na maseneta huomba taarifa juu ya mambo ya kwao: zahanati isiyo na dawa, barabara iliyokatika, wazee wasiolipwa malipo yao ya uzeeni. Ndipo hufuata miswada na hoja. Mtu akiketi pale juu penye viti vya wageni anaweza kusinzia. Mmoja anasema, mwingine anasimama kwa hoja ya nidhamu, wa tatu anasimama kumjibu wa pili, na saa inakwenda.

Lakini ndugu, usisinzie wakati wa kura. Mswada ukihusu kaunti, hawahesabiwi vichwa. Kila kaunti ina kura moja tu, naye kiongozi wa ujumbe wa kaunti ndiye huipiga. Kaunti ni 47. Zikipatikana kura 24, mswada umepita. Katika Bunge la Taifa, Lamu ina maeneo mawili ya ubunge na Nairobi ina 17. Katika Seneti, siku ya kura ya namna hiyo, Lamu ni sawa na Nairobi, na Turkana ni sawa na Kiambu. Mfagiaji wa hospitali ya Lamu hana mahali pengine katika nchi hii ambapo kura ya kwao ina uzito huo. Wewe unayesema Seneti ivunjwe, utampa nini badala yake?

Tena jambo hili lilikwisha kufanywa. Tulipopata Uhuru mwaka 1963 tulikuwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya kati ya wilaya 40, na mmoja wa Nairobi. Yule wa Nairobi alikuwa mtu wetu, Ndugu Clement Lubembe, aliyekuwa pia Katibu Mkuu wa kwanza wa COTU ilipoundwa mwaka 1965. Desemba 1966 Seneti ikafutwa. Mwananchi hakupigishwa kura juu yake. Na maseneta je, walirudi nyumbani? La! Viliundwa viti vipya 41, Bunge likawa moja lenye watu 158 wa kuchaguliwa, na waheshimiwa wakaendelea kuwa waheshimiwa. Viti viliokolewa, lakini wilaya hazikupata mwokozi. Miaka michache baadaye, mwaka 1970, mabaraza ya kaunti ya wakati ule yakanyang'anywa shule za msingi, afya na barabara, na mambo hayo yakashikwa Nairobi. Halikuwako Baraza la pili la kusema "ngojeni kwanza". Tulikaa hivyo mpaka Katiba ya 2010 iliporudisha Seneti, nayo ikaanza kukutana Machi 2013.

Kwa hivyo mimi sisemi ivunjwe. Nasema hivi: ubishi wa Seneti juu ya fedha si aibu. Aibu ni kwamba gharama ya ubishi huo hulipwa na mtu asiyekuwamo katika ubishi. Mtu huyo ni wewe na mimi.

Kumbukeni mwaka 2019. Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikataka bilioni 335. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mapatano yalipatikana Septemba, kwa bilioni 316.5. Mwaka 2020 jumla ilikuwa ile ile, bilioni 316.5, lakini sasa vita vikawa ndani ya Seneti yenyewe: kila kaunti ipate ngapi? Wengine walisema fedha zifuate watu, kwa maneno yao "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja". Wengine, wa kaunti kavu na za Pwani, wakasema nchi kubwa yenye watu wachache nayo inahitaji barabara na visima, tena imesahauliwa tangu ukoloni. Hoja zote mbili zilikuwa na maana. Walikutana, wakaahirisha, wakakutana, wakaahirisha tena. Tarehe 17 Agosti 2020, siku ya kikao, maseneta watatu, wa Kakamega, Bomet na Samburu, walikamatwa na polisi, na kazi ya siku hiyo ikaharibika. Baraza la Magavana likatangaza kwamba kaunti zingefunga shughuli kuanzia 17 Septemba kwa kukosa fedha. Siku hiyo hiyo ya 17 Septemba, Seneti ikapatana: pasiwe na kaunti ya kupoteza, na kanuni mpya ingojee mpaka fungu la kaunti liongezwe kwa bilioni 53.5, lifike bilioni 370.

Angalieni vizuri, ndugu. Mapatano yale yalikuwa mazuri. Lamu haikupoteza, Kiambu haikupoteza. Bila Seneti yasingepatikana. Lakini yaliwezekana Septemba. Kwa nini hayakuwezekana Juni?

Nitawaambia nilivyoishi mimi katika miezi ile, nami sitataja kaunti. Ulikuwa wakati wa ugonjwa wa korona. Tuliambiwa sisi ni mashujaa, tukapigiwa makofi. Mshahara haukuja. Mwenye nyumba alibisha mlango tarehe tano, akabisha tarehe kumi. Nilimweleza kwamba maseneta hawajapatana. Akaniuliza kama maseneta ndio waliopanga chumba chake. Mwenye duka alifunga daftari la deni. Chama cha akiba na mikopo kilitaka fedha zake za mwezi, na mkopo uliokosa kulipwa ukaongezewa faini. Mshahara ulipokuja, ulikuja bila nyongeza hata ya senti moja ya kufidia kungoja. Faini nililipa mimi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini nyasi za hapa kwetu huumia halafu zikatozwa faini!

Na mchezo huu haukuishia 2020. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa mwezi wa Juni kwa nguvu ya vijana barabarani, fungu la kaunti lililokuwa limekwisha kupitishwa, bilioni 400.1, lilirudishwa mezani. Mabaraza mawili yakavutana miezi mingi, mpaka likawa bilioni 387.4. Tena Julai ilipita, tena wafanyikazi wakangoja.

Watu watasema, "Mambo makubwa huhitaji muda." Nakataa. Seneti inajua kufanya haraka inapotaka. Oktoba 2024 ilisikiza kesi ya kumwondoa Naibu wa Rais. Mashtaka yalikuwa 11, mawakili pande zote, na siku zilikuwa mbili tu, 16 na 17. Usiku wa siku ya pili kura zikapigwa, mambo yakaisha. Mimi hapa siingii katika kesi ile, wala nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba waliketi mpaka usiku wakamaliza, kwa sababu Katiba na sheria zimeweka siku za kesi ya kumwondoa kiongozi. Lakini kanuni ya kugawa fedha za kaunti, Katiba inasema iwekwe kila miaka mitano. Bunge la Taifa likipelekewa azimio hilo limepewa siku 60. Seneti yenyewe, katika kubishana kwake, haikuwekewa siku ya kumaliza. Cheo cha mkubwa kina kalenda. Unga wa mdogo hauna kalenda.

Basi hasira yetu tuielekeze hapo. Chama kidai mambo haya manne:

1. Sheria iseme waziwazi kwamba tarehe 30 Juni ikipita bila mapatano, fedha za mishahara ya kaunti ziendelee kutoka kwa kipimo cha mwaka uliokwisha, na ubishi uendelee juu ya zile zinazobaki.

2. Fedha zikifika kaunti, mishahara na makato yetu yalipwe kabla ya wenye kandarasi. Nawataja magavana hapa makusudi, maana wako wanaojificha nyuma ya Seneti hata wakati fedha zimekwisha kufika.

3. Mshahara ukichelewa, faini ya mkopo ilipwe na aliyechelewesha, isilipwe na mfanyikazi.

4. Kamati ya Seneti inaposhughulikia fedha za kaunti, iwaite wafanyikazi pamoja na magavana. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na sisi ni wananchi.

Mtauliza tutaanzia wapi. Tuanzie pale pale kwenye maombi, yale yanayosomwa kabla ya miswada. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Si lazima uwe na wakili. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa mashine au kwa mkono unaosomeka, kwa lugha ya heshima. Lieleze tunalotaka, ofisi tulizokwenda kwanza na zilivyotujibu, na kama jambo liko mahakamani au haliko. Kila mtu atie sahihi yake, na asiyeweza kuandika atie kidole gumba. Ombi likisomwa hupelekwa kwa kamati, nayo hutakiwa kujibu katika siku 60. Hapo ndipo sisi nasi tutakuwa na kalenda, tuhesabu siku kama mwenye nyumba anavyotuhesabia.

Na siku kura itakapopigwa, tusome Hansard. Tujue kiongozi wa ujumbe wetu alikuwako au kiti kilikuwa kitupu. Tusimwulize seneta alipiga kelele kiasi gani. Tumwulize alimaliza lini.

Ndugu, waliotangulia walifutiwa Seneti mwaka 1966 nao wakiwa kimya. Sisi tusiombe ifutwe mara ya pili kwa mdomo wetu wenyewe. Tuiache ibishane, maana kubishana ndiyo kazi yake. Lakini tuikataze kubishana kwa unga wa watoto wetu.

Karatasi za sahihi ziko kwa makatibu wa matawi. Usingoje kuletewa.

Umoja ni Nguvu.

Mwanachama mwenzenu