Miguu ya Wapagazi

Kila mwaka katika nchi ya Afrika Kusini maelfu ya watu hukusanyika kabla ya mapambazuko ili wakimbie kilometa zipatazo 90 baina ya miji ya Pietermaritzburg na Durban. Kwa kawaida mwaka mmoja huteremka kuelekea baharini, na mwaka wa pili hupanda kutoka pwani. Mbio hizo huitwa Comrades, yaani mbio za ndugu waliokuwa pamoja vitani. Wasomaji wetu wengi wamezisikia, lakini ni wachache wajuao kwamba chanzo chake ki hapa kwetu, katika mapori na mabonde ya Tanzania. Twapenda kulieleza jambo hili leo, kwa sababu mbio ndefu za njia za miguu, zile zipitazo mbali kilometa 42 za marathoni, sasa zimekwisha ingia katika milima yetu, nasi hatupendi kumwona mfanya kazi akiachiwa mizigo tu.

Mwanzilishi wa Comrades, Vic Clapham, alikuwa mfanya kazi. Alizaliwa London, akahamia Afrika Kusini, akawa dereva wa gari la moshi. Vita Kuu ya Kwanza ilipotokea aliingia kikosi cha askari wa miguu, akaletwa huku kupigana na Wajerumani, na inahesabiwa kwamba alitembea kilometa zipatazo 2,700. Vita ilipokwisha alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa mbio zenye kumwonjesha mtu yale mateso ya safari. Wakuu wa chama cha askari waliorudi vitani walimkatalia, wakisema kwamba jambo hilo lapita nguvu za mwanadamu. Yeye akawajibu kwamba ikiwa watu waliotolewa katika viti vya ofisi waliweza kuvuka nchi nzima kwa miguu, basi mtu aliyejizoeza hawezi kushindwa na safari ya siku moja. Mwaka 1921 walimkubalia na kumkopesha pauni 1 ya gharama. Tarehe 24 Mei mwaka huo watu 34 walianza mbio, katika barabara ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo mtupu. Waliofika ni 16, na wa kwanza wao, Bill Rowan, alitumia saa 8 na dakika 59.

Hata hapo historia hiyo ni njema. Lakini yatupasa kuuliza: huyo Clapham na wenzake walikula nini katika kilometa hizo 2,700? Mwaka 1916 jeshi la Smuts liliteremka kandokando ya mto Pangani, likapita Handeni, likafika Morogoro, likaizunguka milima ya Uluguru hata Rufiji. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari walikufa kwa mbung'o. Mvua iliharibu barabara. Tangu hapo gunia la unga, sanduku la risasi na machela ya mgonjwa vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya Waafrika. Walichukuliwa kwa wingi, wengi wao kwa nguvu, na pande zote mbili za vita ziliwatumia. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na ujira wa wengi wao haukuwafikia warithi wao kamwe. Dar es Salaam twalitamka jina la kikosi chao kila siku tuendapo sokoni, maana Kariakoo ni neno lao. Tena maandishi ya Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, yawataja wapagazi, ingawa aliyesimama juu yake ni mwenye bunduki.

Mbio zilizozaliwa katika njia hizo ziliwafungia mlango watoto wa watu wa namna ile ile. Kwa zaidi ya nusu karne Mwafrika na mwanamke hawakuruhusiwa kuandikishwa katika Comrades. Mwaka 1923 Frances Hayward alikimbia bila ruhusa, akafika kwa saa 11 na dakika 35. Hakupewa nishani, watazamaji na wakimbiaji wenzake wakachanga na kumnunulia vyombo vya chai vya fedha. Mwaka 1935 Robert Mtshali, Mwafrika, alikimbia pasipo kuandikishwa, akamaliza kwa saa 9 na nusu, na hesabu rasmi hazikumtambua. Mlango ulifunguliwa mwaka 1975, na mwaka huo huo Vincent Rakabaele wa Lesotho alikuwa miongoni mwa ishirini wa kwanza. Mwaka 1989 Sam Tshabalala akawa Mwafrika wa kwanza kushinda. Nishani yenye jina la Mtshali ilitolewa mwaka 2019. Alingoja miaka 84.

Sasa, mbio hizi zataka nini kwa mtu? Si kasi. Mwenye kujizoeza hujifunza kwenda polepole kwa muda mrefu, na mlimani hutembea bila kuona haya, maana apandaye kwa pupa humaliza nguvu zake mapema. Wengi hudhani kwamba adui ni mlima. Kumbe mteremko ndio uvunjao mapaja, kwa kuwa misuli hunyooshwa huku imebeba uzito wote wa mwili. Dawa yake ni kuteremka kidogo kidogo majuma mengi kabla ya siku yenyewe, mpaka miguu izoee. Tumbo nalo hufundishwa: mtu ajaribu nyumbani viazi vyenye chumvi, ndizi au uji, asije akafanya majaribio njiani. Maji anywe kwa kadiri ya kiu, kwa sababu kunywa kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu, na wako wakimbiaji waliokufa kwa kosa hilo. Katika hayo yote, ukiacha viatu, kitu cha thamani kubwa ni wakati. Na wakati ndio hasa mfanya kazi asio nao. Atokaye kiwandani jioni na kusimama ndani ya basi mpaka usiku atajizoeza saa ngapi? Tunapotamka kwamba michezo ni haki ya mfanya kazi, waajiri nao watuambie ni saa zipi za juma watakazomwachia.

Huwezi kusema kwamba watu wetu hawana uwezo. Mwaka 2006 Simon Mtuy, mwongoza wageni wa Kilimanjaro, alipanda mpaka kileleni na kushuka kwa saa 9 na dakika 21, akijibebea maji na chakula chake mwenyewe. Wapagazi wa mlima ule hupanda na kushuka mwaka mzima, mizigo ikiwa juu yao, na wageni wawapishao njia huhema kwa fimbo mbili mkononi. Na nani hajawaona akina mama wa Uluguru, wateremkao kabla ya jua na matenga ya mboga na ndizi kichwani kuelekea soko la Morogoro? Watasema wengine kwamba watu kama hao hawana haja ya mbio, kwa kuwa wamekwisha kutembea vya kutosha. Ni maneno ya watu washibao. Aliyechoka kwa mzigo wa mwingine ana haki, siku moja katika mwaka, kuchoka kwa furaha yake mwenyewe.

Katika michezo ya Mei Mosi tumezoea kandanda, netiboli na kuvuta kamba. Twashauri mbio ndefu ya njia za miguu iongezwe, nayo ianzie Morogoro, kwa jina la wapagazi. Ada iwe ya kiasi ambacho kuli wa sokoni aweza kuitoa, na mgeni atakaye kuja alipe zaidi. Fedha zitakazopatikana zitengeneze njia zile zile na vivuko vyake, ambavyo akina mama huvipita masika yote. Abebaye maji na chakula cha wakimbiaji alipwe siku hiyo hiyo, mkononi. Muda uwe mrefu; hao wa Comrades waliuongeza mwaka 2003 hadi saa 12, kisha mwamuzi huwageuzia mgongo wakimbiaji na kupiga bastola, na aliyebakiza hatua moja hahesabiwi. Desturi hiyo twawaachia wenyewe. Mtu wetu wa mwisho angojwe, na taa iwake.

Matawi ya Chama ya Morogoro na Handeni yasingoje waraka kutoka juu. Wapo wazee ambao babu zao walichukuliwa mwaka 1916, na bado wajua ni vijia gani vilipitishwa mizigo na ni wapi walipozikwa walioanguka. Waulizwe mwezi huu, na majibu yao yaandikwe.