Pua ya Pili na Neno "Kurekebisha"

Filamu ya Dirty Dancing ya mwaka wa 1987 ilimpa mwigizaji Mmarekani Jennifer Grey umaarufu mkubwa. Miaka michache baadaye alifanyiwa upasuaji wa pua. Kasoro ndogo iliyojitokeza kwenye ncha ikamrudisha kwa daktari ili isahihishwe. Alipotoka, uso ulikuwa mwingine. Watu waliomfahamu walishindwa kumtambua, jambo alilolieleza katika tawasifu yake ya mwaka wa 2022.

Wapo wanaokichukulia kisa hiki kuwa adhabu ya majivuno. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Waswahili, ambao wenyewe husifu pua ya upanga, hawawezi kudai kwamba pua ni kiungo cha kuvutia hewa tu. Isitoshe, si kila anayerudi kwa mpasuaji hutafuta urembo. Pua iliyopunguzwa kupita kiasi huweza kulegea kuta zake, na mwenyewe akawa anapigania pumzi.

Lawama yafaa ielekezwe kwanza kwa neno lenyewe. "Kurekebisha" humfanya mgonjwa aamini kwamba kilichoharibika kitarudi kilivyokuwa, mithili ya fundi cherehani anayefumua mshono na kuushona upya. Mwili haufumuliwi hivyo. Gegedu lililokatwa halioti tena. Makovu huwa yamegandisha tabaka ambazo awali zilitengana kwa urahisi, na gegedu la ukuta ulio kati ya matundu ya pua, ambalo ndilo kiraka cha kwanza, huenda limekwisha kutumika. Hapo mpasuaji hulazimika kuchukua gegedu la sikio au la ubavu, na aliyeingia kwa ajili ya pua akatoka na jeraha la kifuani pia. Huo ni ujenzi wa pua nyingine.

Aidha, hushauriwa kusubiri takriban mwaka mmoja kabla ya kisu cha pili, kwani uvimbe wa ncha huchelewa kupungua. Mwaka mzima wa kukikwepa kioo si mfupi.

Haya yote yapaswa kuelezwa kabla ya kisu cha kwanza. Mfasiri anayepewa fomu ya idhini aitie katika Kiswahili anaweza kuandika "kurekebisha pua", au "kuijenga upya, pengine kwa gegedu la ubavu". Maelezo ya pili ni marefu, na yamkini yatamfanya mgonjwa mmoja avae viatu vyake arudi nyumbani.