Ini Litazamwe Kabla ya Sindano

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yako maradhi ambayo mgonjwa hayafichi, bali hujificha yenyewe. Mojawapo ni uvimbe wa maji uletwao na tegu mdogo wa mbwa, ambao aghalabu hukua katika ini miaka mingi bila ya maumivu.

Mbwa huambukizwa kwa kula maini au mapafu ya mnyama mwenye uvimbe huo. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa, nasi huyameza kwa mikono, maji au mboga zisizooshwa.

Hatari kubwa i katika kubahatisha. Uvimbe ukidhaniwa kuwa jipu na kuchomwa sindano kwa pupa, maji yake yakimwagika tumboni huweza kumpa mgonjwa mshtuko wa kumwua papo hapo, au kuzaa uvimbe mwingine. Kwa hiyo ini halina budi kutazamwa kwanza kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Picha yake humwonyesha daktari kama uvimbe ungali hai au umekufa, naye huamua dawa, upasuaji au kungoja. Kipimo cha damu husaidia, lakini hakitoshi peke yake, kwani huweza kuukosa ugonjwa ulipo.

Wenzetu wa Turkana, Kenya, walioathirika mno, walipelekewa mashine hizo hata makambini mwa wafugaji katika miaka ya 1980. Nayo Aislandi, kisiwa kama vyetu, iliteswa sana na ugonjwa huu katika karne ya 19. Kwa kuwaelimisha wananchi, kuwatibu mbwa na kuteketeza viungo vibovu, ikautokomeza.

Mifugo mingi tunayochinja huvushwa kutoka bara. Kwa hiyo tunaiomba Serikali ihakikishe kwamba kila hospitali ya wilaya ina mashine hiyo inayofanya kazi, pamoja na mtaalamu wa kuisoma; na kwamba mkaguzi wa nyama akikuta uvimbe machinjioni, hospitali inaarifiwa.

Wananchi nao wana wajibu wao. Ini lenye uvimbe lichomwe moto au lifukiwe chini sana, wala asitupiwe mbwa. Achinjaye nyumbani siku ya Idi akumbuke hayo.

Kisiwa kimoja kimekwisha kuushinda ugonjwa huu. Hatuoni sababu ya vyetu kushindwa.