Jasho la Shimoni Lina Bei Gani?

Twaambiwa kila siku kwamba dunia imekuwa soko moja na kwamba Kivu nayo imo ndani yake. Ni kweli. Kasiterite ya Nyabibwe hutoa bati linalounganisha vipuri vya simu. Koltani hutoa tantali, nayo huhifadhi umeme ndani yake. Jiwe huchimbwa hapa, huyeyushwa Asia, huundwa kuwa chombo kwingine, kisha huuzwa kila mahali. Hatuulizi kama tumo katika mnyororo huo. Twauliza kwa nini pete ya kwanza ibebe uzito mkubwa na kuambulia makombo.

Mchimbaji humwuzia mnunuzi mdogo, mnunuzi huiuzia kontwari ya mjini, nayo husafirisha ng'ambo. Bei ya bati huamuliwa katika soko la London. Ikishuka huko, anayebanwa ni yule asiye na wa kumbana.

Wakubwa walijaribu kuisafisha biashara hii. Julai 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyataka makampuni yaeleze kama madini yao yametoka Kongo na nchi jirani. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Nia ya kuzinyima bunduki fedha ilikuwa njema, lakini maelfu ya familia zilipoteza riziki bila kuulizwa. Baadaye mifuko ilifungwa lebo. Lebo hueleza jiwe limetoka wapi. Haielezi aliyelichimba alilipwa nini. Biashara inayojiita safi huku ikificha ujira si safi.

Wapo watakaosema: mchimbaji aliikubali bei mwenyewe. Papa Leo XIII aliwajibu mwaka 1891 katika Rerum Novarum: mapatano hayaondoi haki, na anayekubali ujira usiomtosha kuishi, kwa kuogopa mabaya zaidi, ameonewa. Wengine watasema sisi hatuwezi ila kuchimba. Bukavu yawakanusha: magome ya mkwinini wa Kivu yamegeuzwa dawa ya malaria katika mji huu kwa miongo mingi. Tulichokosa si akili. Ni amani, umeme, barabara na uongozi usiojiuza.

Wala tusinyoshee kidole ng'ambo peke yake. Nabii Amosi aliwakaripia wenye mizani ya udanganyifu, nao walikuwa watu wa taifa lake. Mizani inayopunja mgodini hushikwa na ndugu zetu. Hongo ya kizuizini hupokewa na ndugu zetu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alikuwa kijana mlei, mkaguzi wa bidhaa mjini Goma. Alikataa hongo ili vyakula vilivyooza visiwafikie watu, akauawa mwaka 2007. Juni 15, 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri. Alishika pete moja tu ya biashara, akakataa ioze mkononi mwake.

Basi kila kikundi kijiulize: ni nani kati yetu anayepima, anayenunua, anayesafirisha, anayetia sahihi? Aanze hapo. Tudai viwanda, tudai ujira wa haki, tudai watoto watolewe mashimoni. Lakini sauti itakayodai haki London na itoke kwenye mkono usiopunja kilo moja Nyabibwe.