Handeni inalima, Korogwe inanunua, faida inapanda lori

Mavuno yanapoanza, malori huingia Handeni matupu na kutoka yamejaa mahindi. Miezi michache baadaye, hasa katika mwaka wa mvua haba, mahindi hurudi wilayani kwa njia ile ile, safari hii yakiwa ya kuuzwa, na bei yake si ile ya mwanzo. Hiyo ndiyo biashara ya Handeni kwa ufupi: kuuza kwa bei ya mavuno na kununua kwa bei ya njaa.

Maelezo tuliyozoea kuyasikia ni kwamba Handeni ni kavu na Korogwe ina mto, basi kila wilaya imepata fungu lake. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mvua za Handeni ni kweli hazitabiriki, na vuli ikikosa kunyesha watu huona hasara upesi. Lakini ukame peke yake haupangi bei ya gunia. Bei hupangwa na barabara, ghala, kipimo na haja ya fedha ya yule anayeuza.

RELI NA KORONA

Tuanze na Korogwe. Reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwaka 1902. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1893, Dk. Richard Hindorf alikuwa ameleta miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000.

Mkonge unavumilia ukame. Shambani hauhitaji mto. Unaohitaji maji ni mtambo wa korona unaokwangua majani, na mzigo wa singa unahitaji njia ya kufika bandarini. Ndiyo maana Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma na Hale ziliota kandokando ya bonde la Korogwe, mahali ambapo maji na reli havikuwa mbali. Kama udongo na mvua ndivyo vingeamua, sehemu kubwa ya Handeni ingekuwa na mkonge tangu siku ile. Wenye mitaji waliangalia gharama za kusafirisha kwanza, udongo baadaye.

Mashamba yale yalihitaji watu. Walioitwa manamba waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Rukwa na hata nje ya mipaka, na tangu mwaka 1944 waajiri walikuwa na chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU. Mpaka leo ukisikiliza lugha na majina ya watu wa Korogwe utaiona historia hiyo. Manamba wanakula. Posho yao ilikuwa unga wa mahindi, na majirani wa kuzalisha mahindi wakawa watu wa Handeni. Kwa hiyo wilaya hizi mbili hazikukua kila moja kivyake. Moja ilikuwa ghala la nyingine, ila ghala hilo halikuwahi kupewa funguo zake.

NJAA INA HISTORIA

Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake kuhusu Uzigua kilichochapishwa mwaka 1992, alionyesha kwamba zamani jamii za huko zilikuwa na njia zao za kukabiliana na ukame. Wenye uwezo waliweka akiba ya nafaka na kuwasaidia waliowategemea, na watu walifyeka pori na hivyo kumweka ndorobo mbali na mifugo. Mkoloni alipoingia na kodi, kazi za lazima na amri juu ya biashara ya nafaka, utaratibu ule ulilegea. Akiba ikapungua, pori likarudi, ng'ombe wakafa. Ardhi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani alikuwa na nguvu ya kushika chakula mpaka msimu mwingine.

Kuna ushahidi mwingine wa ajabu zaidi. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani na kuvushwa bahari hadi Somalia, ambako baadhi ya vizazi vyao kando ya Mto Juba waliendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowafukuza, baadhi yao walirudi Tanzania, wakapewa makazi ya Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapata uraia. Watu waliondoka kwa sababu ya njaa moja na wajukuu wao wakarudi baada ya zaidi ya miaka 150. Asiyejua thamani ya gunia la akiba katika wilaya hii na ajifunze hapo.

MLANGUZI AU MFANYABIASHARA?

Ni rahisi sasa kumnyooshea kidole mwenye lori. Mwaka 1983 nchi nzima ilifanya hivyo katika vita dhidi ya walanguzi, na rafu hazikujaa kwa sababu hiyo. Katika miaka ya 1980 vizuizi vya kusafirisha nafaka vililegezwa, Shirika la Usagishaji la Taifa likapoteza ukiritimba, na mahindi yakaanza kusafiri mchana badala ya usiku. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mwenye lori anabeba gharama ya mafuta, ushuru, matairi na mzigo kuoza njiani, na bila yeye mahindi ya Handeni yangebaki Handeni.

Lakini soko huria haina maana ya soko lisilo na kipimo. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mkulima ana mahindi kilo 1,000, yaani magunia 10 ya kilo 100. Mnunuzi anakuja na lumbesa inayomeza kilo 130 na kulipa bei ya gunia moja, tuseme sh. 50,000. Mzigo ule ule unageuka magunia yasiyofika 8. Mkulima anaondoka na takriban sh. 385,000 kwa mali ya sh. 500,000. Kilichokatwa hapo hakiitwi ushuru wala kodi, na hakuna stakabadhi yake. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, Wakala wa Vipimo upo, na bado lumbesa ipo. Mizani katika kila kituo cha kununulia mazao ingefanya kazi kubwa kuliko hotuba kumi.

GHALA KABLA YA HOTUBA

Kwa nini basi mkulima asingoje bei ipande? Kwa sababu ada ya shule haingoji, deni la mbegu halingoji, na dumuzi hangoji kabisa. Mdudu huyo, aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anaweza kugeuza kihenge kuwa unga kabla ya mwaka mpya. Na nafaka isiyokauka vizuri ni hatari: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kumwambia mkulima aweke akiba bila kumpa mfuko usiopitisha hewa, turubai la kuanikia na ghala kavu ni kumdhihaki.

Sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu mwaka 2005. Imefanya kazi zaidi kwenye korosho na mazao ya kuuzwa nje. Kwa mahindi ya Handeni itumike kwa hiari, kwa vikundi vidogo: mkulima anaweka magunia 5, anachukua mkopo wa sehemu ya thamani yake, analipa ada, na mahindi yake yanangoja mwezi wa pili. Benki itauliza dhamana iko wapi. Dhamana ni mahindi yenyewe, mradi ghala liwe na mlinzi, mizani na vitabu vinavyokaguliwa. Chama cha ushirika kitakachogeuza ghala kuwa mali ya viongozi wake kitaua wazo hili kwa msimu mmoja, na wakulima wa nchi hii wana kumbukumbu ndefu.

MKONGE UNARUDI

Kuna jambo la pili linalohitaji macho. Serikali ilipanga kufikisha uzalishaji wa mkonge tani 120,000 ifikapo mwaka 2025, na wakulima wadogo wa Korogwe na Handeni wamehimizwa kupanda. Safu hii haipingi. Mkonge unafaa ardhi hiyo na singa ina wanunuzi. Lakini mche hukaa takriban miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na majani yaliyokatwa hayana thamani kama korona iko mbali au foleni ni ndefu. Mwenye ekari 10 aweke 4 za mkonge na ajipongeze. Mwenye ekari 2 akizipanda zote mkonge, amejiandikisha kununua unga kwa miaka mitatu.

Na ardhi yenyewe haiko wazi kama wengi wanavyodhani. Tangu mwaka 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na wapo wenyeji waliolalamika kwamba maeneo yao yamegawiwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda kwenda Chongoleani linapita katika mkoa huu. Mfugaji anataka malisho, mwenye mkonge anataka mashamba, mwenye jembe anataka mahindi. Kijiji kisicho na mpango wa matumizi ya ardhi na hati zake kitapangiwa na wengine.

SOMO LA MACHAKOS

Wanaosema ardhi kavu haina la kufanya waangalie Machakos, Kenya. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliitaja kama nchi iliyokwisha kwa mmomonyoko. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki ulionyesha kwamba kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa, matuta yamejengwa, na mazao kwa kila mtu yameongezeka. Mvua haikuongezeka. Kilichoongezeka ni barabara, soko la Nairobi, na uhakika wa watu kwamba shamba walilolijengea matuta ni lao.

Handeni sasa ina lami mpaka Korogwe na mpaka Mkata. Kazi ya kwanza imefanyika. Lakini barabara nzuri hubeba mzigo pande zote mbili, na mahali pasipo na ghala wala mizani lami hufanya jambo moja tu: hukimbiza mahindi kutoka wilayani kwa kasi zaidi.

Ushauri wetu kwa halmashauri zote mbili ni wa kibiashara. Sehemu ya ushuru wa mazao unaokusanywa kizuizini irudi kwenye mizani na ghala la kijiji ulikotoka. Wanunuzi wa jumla wa Korogwe nao wana faida hapo: mzigo uliopimwa, mkavu, unaopatikana mpaka mwezi wa pili, ni bora kuliko kugombania lumbesa mwezi wa nane. Na mwenye shamba, kabla hajafunga mdomo wa gunia la mwisho na kumwita mwenye lori, ahesabu midomo iliyopo nyumbani na miezi iliyobaki mpaka masika.