Soko la Ng'ambo Hununua Ushahidi

Tunapozungumza juu ya kuwasaidia wavuvi wetu kuuza samaki wengi zaidi katika nchi za ng'ambo, aghalabu fikra zetu hukimbilia mashua, nyavu na mikopo. Vyote hivyo vina manufaa. Lakini historia ya Ziwa Viktoria yatufundisha kwamba mvuvi aweza kuwa na mashua imara na samaki tele, na bado akakosa mnunuzi.

Mwezi Januari 1998, kipindupindu kilipokuwa kimeenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba marufuku ya namna hiyo haikuwa njia ifaayo ya kupambana na ugonjwa huo. Vijidudu vyake hufa samaki anapopikwa barabara. Zuio liliondolewa katikati ya mwaka huo. Mwaka 1999 ulizuka msukosuko mwingine. Zilitoka habari kwamba baadhi ya watu walivua kwa kutia majini sumu ya kuulia wadudu, na mlango wa Ulaya ukafungwa tena mbele ya nchi zote tatu za ziwa. Kenya ilingoja hadi mwishoni mwa mwaka 2000. Samaki mmoja akioza, wote huoza: mvuvi wa sangara ambaye hakupata kuigusa sumu aliadhibiwa pamoja na mkosaji.

Wako wasemao kwamba masharti ya Ulaya ni kuta za biashara zilizovikwa kanzu ya afya. Sikatai kuwa baadhi yana sura hiyo. Hata hivyo, yatupasa kujiuliza: siku tuliposhtakiwa, tulikuwa na nini cha kujibu? Kusema "samaki wetu ni safi" si jibu. Swali lilikuwa nyama ya samaki hawa ina sumu kiasi gani, na swali la kiasi hujibiwa kwa kipimo tu. Asiye na vipimo vinavyoaminika huwa kama mtu mwenye haki asiye na shahidi.

Tutazame mfano wa baharini. Nyama ya jodari ina asidi ya amino iitwayo histidini. Samaki akifa na kuachwa juani, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, ambayo humwasha mlaji ngozi, humwumiza kichwa na kumtapisha. Histamini haionekani kwa macho, na ikiisha kufanyika haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Umoja wa Ulaya hupima sampuli 9 za shehena, na wastani wake haupaswi kuzidi miligramu 100 kwa kila kilo. Kwa hiyo hatima ya shehena huamuliwa saa chache baada ya kuvua, ndani ya mashua, na mwamuzi ni barafu.

Mwanafunzi wa fizikia na afanye hesabu. Kushusha joto la kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 30 hadi 0 huhitaji barafu isiyopungua kilo 3, kabla ya kuhesabu joto la jua na la upepo. Mvuvi asiye na barafu ya kutosha hawezi kutimiza sharti hili, hata akiwa hodari namna gani. Basi msaada wa kwanza anaouhitaji ni kiwanda cha barafu karibu na pwani yake, na wa pili ni maabara. Tanzania inayo maabara ya taifa ya ubora wa samaki huko Nyegezi, Mwanza. Nasadiki kwamba maabara ya namna hiyo humfaa mvuvi kuliko maonyesho mengi ya biashara.

Lakini kuna jambo moja linalonikera. Tukiwa na kipimajoto na sampuli kwa ajili ya samaki aendaye Ulaya, na aendaye sokoni kwetu akalala juu ya meza pasipo barafu, tutakuwa tumewajali wageni kuliko watoto wetu. Histamini haichagui mlaji wa Lisbon na kumwacha wa Tanga. Barafu na vipimo vikimfikia mlaji wa hapa, usafi utakuwa desturi. Na mvuvi aliyezoea usafi kila siku hatababaika siku ya kukaguliwa.

Walimu wenzangu, wapimaji wa kesho wamo katika madarasa yenu. Mara nyingi tumewakaririsha wanafunzi kwamba bakteria huongezeka upesi katika joto, bila kuwapa nafasi ya kulishuhudia jambo hilo. Chukueni samaki wawili wa aina moja, mmoja mumweke katika barafu na mwingine mezani; kila baada ya saa mbili wanafunzi waandike joto, harufu, rangi ya matamvua na ugumu wa nyama. Jaribio hili halihitaji vyombo vya thamani, ila kipimajoto na daftari, na kijana atakayelizoea atajua kwamba neno lisilopimwa halina nguvu sokoni.